Nguzo ya Mji Mkongwe

Je, inafaa kukishukuru kitu chema kilicholetwa na uovu? Na kama inafaa, shukrani hiyo haigeuki kuwa kibali cha uovu wenyewe? Wahenga wana jibu la haraka: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Jibu hilo linamtosha mtu aliyegombana na jirani yake juu ya mpaka wa shamba. Mimi halinitoshi, kwa sababu jambo ninalolisemea halijapita. Ninalitumia sasa hivi kuandika sentensi hii. Nazungumzia lugha ya Kiswahili na njia iliyoifikisha kwetu Maniema, mashariki mwa Kongo, na nitalifikia suala hilo kwa kuzunguka kidogo, kupitia kisiwa cha Bahari ya Atlantiki ambacho wanafunzi wenzangu wengi hawajapata sababu ya kukifikiria.

Kisiwa chenyewe ni Santiago, kikubwa kuliko vyote katika nchi ya Cabo Verde. Mwaka jana nilihudhuria warsha ya wanafunzi wa lugha katika mji mkuu, Praia, na siku moja tulipelekwa kwa basi dogo hadi Cidade Velha, yapata kilomita 15 upande wa magharibi. Kwa Kireno jina hilo maana yake ni Mji Mkongwe, kwa hiyo msomaji aliyewahi kufika Zanzibar amekwisha kulisikia kwa lugha nyingine. Zamani mji uliitwa Ribeira Grande.

Barabara hupita katika uwanda mkavu wa mawe meusi ya volkano, kisha ghafla ardhi inapasuka na chini yako unaona bonde la kijani: minazi, miembe, migomba, vishamba vya miwa, na mwishoni mwa bonde, bahari. Nyuma yake milima imepangana mmoja juu ya mwingine kuelekea kilele cha Pico da Antónia chenye mita 1,394. Ni mahali pazuri sana. Nasema hivyo mapema ili nisije nikadhaniwa nilikwenda pale nikiwa nimenuna.

Wareno walipofika miaka ya 1460 hawakumkuta mtu kisiwani. Walianzisha makazi mwaka 1462, na mwaka 1466 mfalme wao akawapa walowezi ruhusa ya kufanya biashara katika pwani ya Guinea. Biashara hiyo ilikuwa hasa ya watu. Waliletwa kutoka bara. Wengine wakabaki kulima na kufuma vitambaa vya pamba, na vitambaa hivyo navyo vikarudishwa bara kununulia watu wengine. Wengine wakapakiwa tena merikebuni kwenda Ulaya na Amerika. Mwaka 1533 Ribeira Grande ikapewa hadhi ya jiji na kuwa makao ya askofu. Francis Drake aliivamia mwaka 1585, ndipo ikajengwa ngome ya São Filipe juu ya mlima. Mfaransa Jacques Cassard akaipora mwaka 1712, na mwaka 1770 makao makuu yakahamia Praia. Tangu mwaka 2009 UNESCO imeuhesabu mji huo kuwa urithi wa dunia, ingawa kwa macho ni kijiji cha wavuvi tu.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa Kiswahili. Mwishoni mwa Julai 1497 meli za Vasco da Gama zilitia nanga katika kisiwa hiki cha Santiago kuchukua mahitaji. Aprili mwaka uliofuata zilikuwa Mombasa, kisha Malindi. Tumezoea kuisoma safari hiyo kuanzia mwisho wake, meli zinapochomoza upande wetu. Nikiwa pale ufukweni niliifikiria kutoka upande wa pili: wakati meli zile zinatia nanga, biashara ya watu ilikuwa imekwisha kuzoeleka kisiwani kwa zaidi ya miaka 30.

Katikati ya kijiji, hatua chache kutoka majini, pana uwanja, na katika uwanja huo imesimama nguzo ya marumaru iliyochongwa vizuri. Wareno huiita pelourinho. Ni ya mwanzoni mwa karne ya 16. Ilikuwa alama ya mamlaka ya mfalme, na hapo ndipo watumwa walipofungwa na kuchapwa viboko mbele ya watu. Siku tuliyofika, upande mmoja wa nguzo watoto wanne walikuwa wakicheza mpira. Upande mwingine kulikuwa na meza chini ya miti, na watu walikuwa wakila samaki wa kukaanga. Katikati, mgeni mmoja mwenye kofia kubwa aliikumbatia nguzo, akaining'iniza mikono yake kana kwamba amefungwa, na mwenzake akampiga picha. Wote wawili walicheka.

Nilikasirika, lakini hasira peke yake si hoja. Niliporudi Praia nilijiuliza kosa la yule mgeni lilikuwa nini hasa. Haiwezi kuwa kucheka, kwa sababu watoto nao walikuwa wakicheka tena kwa kelele zaidi, na sikuona kwamba wamemdharau mtu yeyote, aliye hai au aliyekufa. Haiwezi kuwa kujifurahisha, kwa sababu hata mimi nilikula samaki pale, na samaki alikuwa mtamu. Jibu nililolifikia ni hili: watoto walikuwa wameinyima nguzo kazi yake. Kwao ilikuwa kigingi cha goli. Yule mgeni, kwa dakika moja ya mzaha, aliirudishia kazi ile ya zamani, akaitumia kama ilivyokusudiwa itumike, tofauti ikiwa tu kwamba yeye angeweza kuondoka. Mchezo unaouvunja uovu na mchezo unaouigiza kwa starehe si kitu kimoja, hata kama sauti ya kicheko ni ileile.

Jioni ile tulibishana sana. Mwenzetu kutoka Senegal alisema nguzo ingeng'olewa na kupelekwa makumbusho, ambako ingewekewa maelezo na kamba ya kuzuia watu. Alitoa mfano wa Zanzibar, akanigeukia mimi kana kwamba mimi ndiye balozi wa pwani yote ya Afrika Mashariki. Ni kweli kwamba Mkunazini, mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, palijengwa kanisa kuu la Kianglikana, na watu husimulia kwamba altare imewekwa pale pale uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Nyuma ya altare amezikwa Askofu Edward Steere, ambaye wanafunzi wa Kiswahili wanamfahamu kwa kazi zake za sarufi na tafsiri. Kwa hiyo kuna njia mbili: kuiondoa alama ya mateso na kuweka kitu kitakatifu mahali pake, au kuiacha isimame katikati ya maisha ya kila siku. Mimi sikuona kwamba njia ya kwanza lazima iwe bora. Ukiweka kitu kitakatifu juu ya jeraha, huenda kizazi cha tatu kikaona utakatifu peke yake.

Aliyenisaidia zaidi ni mama mmoja aliyekuwa akiuza samaki karibu na uwanja. Kwa kupitia mwanafunzi mwenyeji aliyetutafsiria, nilimuuliza kama si vigumu kufanya biashara karibu na nguzo ile. Alinitazama kwa muda, akauliza: "Kwani unataka tukauzie wapi?" Akaendelea kupaa magamba ya samaki wake. Huwezi kumwambia mtu asiuze samaki nyumbani kwake. Kisiwa kilikuwa kitupu. Kila aliyezaliwa pale amezaliwa kwa sababu ya merikebu zile, na mji ule hauna "kabla" anayoweza kurudi.

Hapo ndipo swali la nguzo linapogeuka kuwa swali la lugha.

Watu wa Santiago huzungumza Kriolu. Maneno yake mengi yana asili ya Kireno, lakini wazungumzaji wake wa kwanza walikuwa watu wa lugha za bara, Kimandinka na Kiwolofu miongoni mwake, waliotupwa pamoja bila lugha ya kuelewana. Ni miongoni mwa lugha za kwanza za aina hiyo kuzaliwa katika biashara ya Atlantiki. Ni lugha tamu kuisikia, na wenyewe wanaipenda kuliko wanavyokipenda Kireno, ingawa Kireno ndicho lugha rasmi ya serikali. (Wakongomani wenzangu mtaitambua hali hii: Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, na ofisini tunaandika Kifaransa.)

Lakini kuna habari moja niliyoisikia katika warsha ambayo hadi leo inanisumbua, mimi ninayesomea kufundisha lugha. Ribeira Grande ilijulikana kwa kuuza watumwa walioitwa ladino. Hawa walikuwa wamekaa kisiwani kwa muda, wakabatizwa, wakafundishwa kuzungumza. Mtumwa wa namna hiyo alikuwa na bei kubwa kuliko yule aliyetoka bara moja kwa moja bila kuelewa amri. Maana yake ni kwamba katika mji huo somo la lugha lilipandisha bei ya mwanafunzi. Tumezoea kusema darasani kwamba lugha humkomboa mtu, humfungulia milango. Pale bandarini ilimfungulia mlango wa merikebu.

Sasa nirudi kwetu. Kiswahili kilifika Maniema katika karne ya 19 pamoja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Nyangwe na Kasongo, miji ya mto Lualaba na kando yake, ilikuwa vituo vya wafanyabiashara kutoka pwani. Tarehe 15 Julai 1871, David Livingstone akiwa Nyangwe aliona watu wa misafara wakifyatua bunduki katika soko lililojaa wanawake, na mamia wakafa kwa risasi au kwa kuzama mtoni. Soko lile halikuwa mbali na nchi ya mababu zangu. Upande wa baba tuna babu aliyekuja kutoka Unyamwezi akiwa mpagazi wa pembe. Upande wa mama tuna nyanya, Mkusu, aliyetekwa akiwa msichana. Walikutana kambini, na lugha waliyoweza kuelewana kwayo ilikuwa hiki Kiswahili cha bara ambacho baadaye kiliitwa Kingwana. Kwa hiyo nikisema "heri misafara ile isingepita", kwa kanuni ya mantiki ninasema vilevile "heri nisingekuwapo". Na nikisema "heri nilizaliwa", je, nimeibariki misafara?

Baadhi ya wenzangu huona hili kuwa fumbo la maneno tu. Mimi naona lina jibu, lakini jibu linahitaji kutenganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida huchanganywa. Kupenda kitu ni jambo moja. Kushukuru ni jambo jingine. Naweza kuupenda mto bila kumshukuru mtu. Shukrani, kinyume chake, lazima iwe na anayepokea. Ukisema asante, lazima pawe na mtu upande wa pili. Basi tuulize: aliyetupa lugha hii ni nani?

Mfanyabiashara wa Ribeira Grande hakuitoa Kriolu. Alitoa amri kwa Kireno na hakutaka zaidi ya kutiiwa. Walioyachukua maneno yale ya amri wakayageuza kuwa nyimbo za kubembelezea watoto, matusi, sala na vichekesho ni watumwa wenyewe, usiku, baada ya kazi, bila kuombwa na mtu. Wengine walitorokea milimani, hasa maharamia walipouvamia mji na mabwana wakawa wanakimbia, na kule juu lugha ikakua mbali na mabwana. Wareno waliwaita watu hao vadio, yaani wazururaji. Leo watu wa Santiago hujiita badiu kwa fahari, na asili ya jina hilo ndilo tusi lile.

Kwetu jambo hilo lilikwenda kwa njia nyingine. Jina Kingwana linatokana na ungwana. Watu waliotekwa au kuzaliwa kambini walijiita waungwana, yaani walijitwalia jina la watu huru, lile ambalo bwana wa pwani alijiwekea yeye mwenyewe. Badiu alilichukua tusi akalivaa kama kanzu. Mngwana wa Kasongo aliichukua kanzu ya bwana wake akaivaa mchana kweupe. Wote wawili walifanya kwa lugha kitu ambacho hawakuruhusiwa kukifanya kwa miguu. Hao ndio ninaowashukuru: mpagazi na msichana wa Kikusu waliolazimika kutafuta neno la "chumvi" ambalo wote wawili wangelielewa. Mwenye msafara hadai chochote kwangu. Yeye alileta bunduki, na lugha ikapita kando yake.

Najua mhadhiri makini ataniuliza: na Hamed bin Muhammed, aliyeitwa Tippu Tip? Makao yake yalikuwa Kasongo, na maisha yake aliyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili kizuri, katika mojawapo ya tawasifu za kwanza za lugha yetu. Je, huyo naye hakuchangia lugha? Alichangia, siwezi kukana. Tulisoma sehemu za kitabu chake mwaka wa pili. Tulichambua njeo, tukahesabu matumizi ya kiambishi "ka", tukajadili ufupi wa sentensi zake. Vijiji vilikuwa vikivamiwa katika aya ile ile tuliyokuwa tukipigia mistari. Sisemi kitabu hicho kiondolewe katika mtaala, kama nisivyosema nguzo ing'olewe uwanjani. Kinatufaa, na sarufi yake inatufaa. Ninachokiomba ni kwamba tunapokisoma tusiwe kama yule mgeni mwenye kofia. Tukifika kwenye kijiji kilichochukuliwa, mtu mmoja darasani aulize kijiji hicho kilikuwa cha nani na waliokichukuliwa walizungumza lugha gani. Dakika tano zinatosha, kisha turudi kwenye njeo.

Hapa kuna sehemu ya hoja yangu ambayo haikai sawa, na naiacha wazi. Santiago ilikuwa tupu. Kriolu haikumfukuza mtu wala haikuziba lugha ya mwenyeji, kwa kuwa mwenyeji hakuwapo. Maniema haikuwa tupu. Kulikuwa na Kikusu, Kizimba, Kilega na nyingine nyingi, na Kiswahili, pamoja na uzuri wake wote, kimekalia nafasi ambayo zamani ilikuwa na wenyewe. Bibi yangu mzaa mama (kwetu "bibi" ni mke, lakini naandika kwa wasomaji wa Kiswahili sanifu) alizungumza nasi Kiswahili maisha yake yote. Mara moja tu nilimsikia akizungumza Kikusu kwa kirefu, nayo ilikuwa usiku wa msiba wa kaka yake. Alikaa chini kando ya maiti akamsemesha. Wazee wawili waliitikia. Sisi wajukuu, kumi na mmoja, tulinyamaza, kwa sababu hakuna aliyejua pa kuitikia.

Naweza kuwashukuru mpagazi na msichana kwa lugha waliyonipa. Lakini msichana yule alikuwa na lugha nyingine ambayo hakunipa, na sidhani kwamba hakutaka. Shukrani yangu haifiki upande huo. Haiwezi kulipia kitu ambacho hakikunifikia.

Mdogo wake bibi bado yuko hai, Kindu, karibu na reli. Nikiwa likizoni huenda kwake asubuhi, kabla jua halijawa kali, na daftari. Hadi sasa nina maneno 212 na sentensi chache za salamu. Toni zinanishinda. Nikikosea, huziba mdomo kwa upindo wa kitenge akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu ananirudishia neno polepole, mara tatu, na ananingoja nilisema.